Mlinzi wa Kwanza wa Mionzi Ni Mkaguzi wa Leseni

Mwaka 2022 wachunguzi wa serikali ya Marekani waliagiza mionzi kama mtu anavyoagiza jenereta. Walianzisha kampuni za jina tu, wakawapelekea wauzaji wawili nakala za leseni za kughushi, wakaletewa ankara, wakalipa. Mizigo yote miwili ikafungwa na kusafirishwa. Ilipofika, wachunguzi walikataa kuipokea ili irudi kwa wenyewe ikiwa salama, kisha wakakaa kuandika ripoti. Kama muuzaji mmojawapo angepiga simu kwa mtoa leseni na kuuliza, "Kampuni hii mnaijua?", hila yote ingekufa papo hapo.

Waliofanya jaribio hilo ni watu wa GAO, ofisi inayokagua kazi za serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani. Walitaka kujua kama mtu mwenye nia mbaya anaweza kununua mionzi ya kutosha kwa bomu chafu bila kuvunja kufuli hata moja. Walipata jibu, na jibu hilo limenikaa kichwani tangu niliposoma ripoti yao. Nchi iliyotumia fedha nyingi kuliko zote duniani kupambana na ugaidi baada ya Septemba 2001 ilikuwa imeacha mlango mmoja ukilindwa na nakala kivuli ya karatasi.

Sisi tukizungumzia ugaidi, mazungumzo huishia kwenye bunduki, mbwa wa kunusa na vizuizi vya barabarani. Hivyo vina mahali pake. Lakini kwa upande wa mionzi nashikilia kwamba mlinzi wa kwanza ni mtumishi wa serikali aliyekaa mezani na faili. Ni yule anayehakiki leseni kwa aliyeitoa badala ya kwa aliyeishika, anayekwenda kuona eneo kwa macho yake kabla ya kugonga mhuri, na anayeuliza mapema mashine itakwenda wapi siku itakapochakaa. Akilala huyo, askari wote walio getini wanalinda nyumba ambayo mwizi ameshapewa ufunguo.

Bomu chafu si bomu la nyuklia, na tofauti hiyo ieleweke mapema kwa sababu woga mwingi unatokana na kuyachanganya. Halina uwezo wa lile la Hiroshima. Ni mlipuko wa kawaida unaotawanya mada ya mionzi, na katika hali nyingi wanaokufa papo hapo huwa wameuawa na mlipuko wenyewe. Mionzi ndiyo inayobaki nyuma, barabarani, kwenye kuta, kwenye mitaro, kwenye nguo za waliokimbia. Na mada yenyewe haihitaji kiwanda cha siri cha kurutubisha urani. Ipo hospitalini, ndani ya mashine za kobalti-60 zinazotibu saratani. Ipo katika mashine za seziamu-137 zinazonururisha damu, yaani kuipiga mionzi, kabla mgonjwa dhaifu hajaongezewa. Ipo kwa mafundi wanaopiga picha maungio ya mabomba kwa iridiamu-192. Ipo hata katika vile vifaa vya kupima mgandamizo wa udongo ambavyo wakandarasi wa barabara huvibeba nyuma ya pikapu.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, hugawa vyanzo hivi katika madaraja matano. Chanzo cha Daraja la 1 kikiwa hakina kinga kinaweza kumdhuru mtu maisha yake yote kwa dakika chache, na kumuua ndani ya saa moja. Cha Daraja la 3 kinahitaji saa kadhaa ili kiache madhara ya kudumu, na ni nadra kuua. Ngazi hizo zina maana kubwa, kwa sababu serikali nyingi zimefunga milango kwa kuzifuata. Marekani iliweka sharti kwamba mnunuzi wa Daraja la 1 au la 2 lazima leseni yake ihakikiwe kwa mamlaka iliyoitoa. Kwa Daraja la 3 muuzaji aliruhusiwa kuridhika na nakala ya leseni aliyoletewa na mnunuzi mwenyewe. Wachunguzi wa 2022 walipita hapo hapo: walinunua mzigo wa Daraja la 3 kwa huyu na mwingine kwa yule, na kwa pamoja mizigo hiyo ingeweza kufika Daraja la 2.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 GAO iliunda kampuni bandia na kuomba leseni kwa Tume ya Usimamizi wa Nyuklia ya Marekani, NRC. Leseni ilitoka ndani ya siku 28. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama kampuni ina hata chumba. Wachunguzi wakaibadilisha karatasi ile, wakaionyesha kwa wauzaji, na wakaahidiwa vifaa zaidi ya vile walivyokuwa wameruhusiwa. Wakati huohuo walikuwa wameomba pia katika jimbo la Maryland, ambako serikali ya jimbo hutoa leseni zake yenyewe. Maofisa wa Maryland walijibu kwamba watakuja kuitembelea kampuni, na kwamba kibali kingechukua si chini ya miezi saba. Wachunguzi wakaondoa ombi lao. Neno "tutakuja" peke yake lilitosha.

Baada ya aibu ile NRC iliongeza ukaguzi wa kabla ya leseni. Mwaka 2016 GAO ikarudi na majaribio matatu. Mawili yalikwama, kwa sababu wakaguzi walifika kwenye eneo, wakauliza maswali ya ziada na hawakuridhika na majibu. La tatu lilifanikiwa. Mkaguzi alifika, akaona ofisi ya kukodi, akaahidiwa kwamba mipango ya ulinzi itakamilishwa baadaye, na leseni ikatolewa. Ile karatasi ilipopatikana, ikatumika kupata ahadi za wauzaji wawili kwa kiasi ambacho kikijumlishwa kingefika Daraja la 2. GAO ikapendekeza leseni za Daraja la 3 nazo zihakikiwe kwa mtoaji. Miaka sita baadaye, kama tulivyoona, mlango ule ule ulikuwa bado wazi.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kuelewa tatizo hili. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma ripoti ya uhakiki iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu hao walikuwa wameajiriwa, wengine wamepandishwa vyeo, na mafaili yao yalikuwa na nakala zilizogongwa mihuri vizuri. Waligunduliwaje? Si kwa kuzitazama karatasi zao kwa makini zaidi. Waligunduliwa pale vyeti vilipolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, yaani aliyevitoa. Karatasi iliyo mkononi mwa mwombaji ni maneno ya mwombaji, hata ikiwa na mihuri mitatu. Jambo ambalo mwajiri wa mwalimu wa shule ya msingi alilazimika kulijua, muuzaji wa seziamu naye hana budi kulijua.

Kwa nini NRC ilisita muda wote huo? Haikuwa uzembe mtupu, na hoja yake inastahili kujibiwa. Mkazo wa Tume ulikuwa kwenye madhara ya mionzi kwa mwili: wangapi watakufa au kuumia kwa kipimo kikubwa cha mionzi katika muda mfupi. Kwa mizani hiyo chanzo cha Daraja la 3 kinaonekana chepesi, na gharama ya kuwabana maelfu ya wenye leseni inaonekana nzito. GAO ikajibu mwaka 2019 kwamba mizani yenyewe imepinda, kwa sababu haihesabu jinsi mji unavyosimama, watu wanavyohamishwa na mali inavyopotea. Katika hili nasimama na GAO.

Angalia Fukushima, Japani, mwaka 2011. Haikuwa ugaidi, ilikuwa tsunami na vinu vya umeme wa nyuklia. Lakini katika mkoa ule vifo zaidi ya 2,000 vimetambuliwa rasmi kuwa vilitokana na adha za janga na maisha ya kuhamahama: wazee waliotolewa vitandani hospitalini, wagonjwa waliokatishwa dawa, watu waliovunjika moyo katika nyumba za muda. Waliouawa na mionzi yenyewe hawahitaji vidole vya mkono mmoja kuhesabiwa. Ukipima kwa kipimo cha mionzi peke yake, umewafuta wafu hao wote.

Au angalia Seattle. Tarehe 2 Mei 2019 mafundi walikuwa wakiitoa mashine ya seziamu katika jengo la utafiti la hospitali ya Harborview. Walikuwa wataalamu waliopewa mkataba wa kazi hiyo hiyo, wakiwa na vifaa na maelekezo. Wakati wa kazi wakakitoboa kifuniko cha chanzo. Kiasi kidogo sana cha unga kilitoka. Watu 13 wakachafuliwa, jengo la ghorofa saba likafungwa kwa zaidi ya miaka miwili, na gharama zikapita dola milioni 150. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, wala hakukuwa na baruti. Sasa chukua miaka hiyo miwili uipeleke Kariakoo, au Gikomba, mahali ambapo mama anauza leo ili watoto wale leo usiku. Hesabu ya vifo vya mionzi itasema sifuri. Mimi siwezi kuiita sifuri.

Ubaya wa seziamu unatokana na umbo lake. Katika mashine nyingi za zamani imo kama chumvi ya unga, kloridi ya seziamu, ambayo huyeyuka katika maji, huingia katika vinyweleo vya saruji na kung'ang'ania humo, na hupungua nguvu kwa nusu tu kila baada ya miaka 30. Mwaka 2008 wanasayansi wa Akademia za Taifa za Marekani walishauri serikali yao iiondoe hatua kwa hatua. Ufaransa na Norwe wamebadilisha mashine zao za damu kwa zile za eksirei, ambazo ukizima swichi hazina mionzi yoyote ya kuiba. Marekani yenyewe ilijiwekea lengo la kuziondoa mashine za seziamu za kunururisha damu ifikapo mwisho wa 2027, kwa hiari ya hospitali na kwa kuzichangia gharama. Hapa ndipo ninapoona udhibiti wa maana kuliko wote, kwa sababu kisichokuwepo hakihitaji mlinzi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wamarekani na filamu zao. Mtu wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kutosema hivyo. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, na watu 224 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao za Ijumaa. Kesi ya walipuaji ilisikilizwa New York mwaka 2001. Humo humo, katika ushahidi wa kesi ya wafu wetu, Jamal al-Fadl, aliyewahi kuwa mtu wa al-Qaeda huko Sudan, alieleza jinsi kundi hilo lilivyojaribu kununua urani mjini Khartoum mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni moja na nusu, na alionyeshwa mtungi ulioandikwa kwamba umetoka Afrika Kusini. Huenda walikuwa wakitapeliwa. Soko hilo limejaa matapeli. Lakini nia ilikuwepo, pesa ilikuwepo, na watu wenyewe ndio hao hao waliotuletea msiba.

Nia hiyo imejitokeza kwingine pia. Novemba 1995 wapiganaji wa Chechnya waliwaelekeza waandishi wa televisheni kwenye kifurushi cha seziamu kilichofukiwa katika bustani ya Izmailovsky mjini Moscow. Hakikulipuliwa. Walitaka kionekane tu, na kilionekana. Mwaka 2006 Dhiren Barot alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Uingereza kwa mipango iliyokuwa na bomu chafu ndani yake. Na mfano unaoninyima usingizi kuliko yote ni Mosul. Dola la Kiislamu lilipoukamata mji huo wa Iraki Juni 2014, ndani yake mlikuwa na mashine mbili za kobalti-60 za kutibia saratani, zimewekwa stoo. Kundi lile lilitawala mji kwa zaidi ya miaka miwili, likaua, likauza mafuta, likaunda mabomu kwa mamia. Wanajeshi wa Iraki waliporudi upande ule wa mji mwaka 2017 walizikuta mashine palepale. Mji uliokolewa na chumba ambacho hakuna aliyekifungua, na sera ya usalama haiwezi kujengwa juu ya hilo.

Zile mashine za Mosul zinatupeleka kwenye nusu ya pili ya tatizo. Leseni huanza siku ya kununua, lakini hatari huongezeka siku mashine inapokoma kutumika. Inapofanya kazi, ina fundi, ina wagonjwa wanaoisubiri, ina mkuu wa idara anayeijua. Inapokufa husukumwa pembeni, fundi anahamishwa, mkuu anastaafu, na baada ya miaka kumi anabaki mlinzi wa usiku asiyejua ndani ya chuma kile kuna nini.

Goiânia, Brazil, ni kisa kinachopaswa kufundishwa kwa kila anayeomba leseni. Kliniki moja ya tiba ya mionzi ilihama jengo lake mnamo 1985 na kuiacha nyuma mashine ya seziamu. Sharti la leseni lilikuwa kuiarifu mamlaka. Haikuarifiwa. Jengo likabomolewa nusu, likabaki gofu. Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta chuma cha kuuza waliingia, wakang'oa kichwa cha mashine, wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani ya kidonge mlikuwa na unga wa gramu zisizofika mia moja, uliokuwa ukitoa mwanga wa buluu gizani. Watu wakaushangaa. Wakagawana kama zawadi, ndugu na majirani, wengine wakajipaka. Mtoto wa miaka sita aliucheza na kula akiwa na mikono ile ile.

Kwa siku zaidi ya kumi watu waliugua, na hospitali zikadhani ni ugonjwa wa tropiki au chakula kibovu. Aliyeunganisha mambo hakuwa mkaguzi wala daktari. Alikuwa mke wa mwenye yadi. Aliona kwamba wanaougua ni wale waliokuwa karibu na kitu kile, akakichukua kikiwa ndani ya mfuko, akapanda nacho basi, akakipeleka ofisi ya afya na kuwaambia hiki ndicho kinachoua watu wangu. Siku iliyofuata mwanafizikia alikuja na kipimo. Watu wapatao 112,000 wakapimwa katika uwanja wa mpira, 249 wakakutwa wamechafuliwa, wanne wakafa, yule mama na yule mtoto wakiwamo. Siku ya mazishi, watu wenye hofu walirusha mawe kuzuia majeneza yasizikwe makaburini kwao. Wakazi wa Goiânia wakakataliwa vyumba katika hoteli za miji mingine, na mazao ya jimbo lao yakakosa wanunuzi.

Hayo yote yalitokana na barua moja ambayo haikuandikwa na ofisi moja ambayo haikuuliza kwa nini haijaipata. Na kumbuka hapakuwa na gaidi. Gaidi angeikuta mashine ile kabla ya wale vijana, tungekuwa tunasimulia mengine.

Nchi zetu zina vijana kama wale. Kila asubuhi wanapita mitaani na mikokoteni wakiita wenye skrepa: betri, vyuma, masufuria, chochote. Wanajua bei ya shaba kuliko mhasibu. Hawajui, na hakuna aliyewafundisha, ile alama nyeusi ya mapanga matatu kwenye njano ina maana gani. Si kosa lao. IAEA ilipokuwa ikitafuta alama mpya ya hatari iliwahoji watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, na ikathibitika kwamba ile ya zamani haimwambii mtu chochote kama hajafundishwa. Mwaka 2007 ikatolewa nyingine: mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Ningependa kuiona imebandikwa katika kila yadi ya skrepa kuanzia Tandale hadi Kibuye, pamoja na namba ya simu ambayo mtu akiipiga hataulizwa kwanza amekitoa wapi kitu hicho. Anayeogopa kukamatwa atakitupa mtoni.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003 na Tume ya Nguvu za Atomu. Uganda ilipitisha yake mwaka 2008. Kenya ilibadilisha ya zamani kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, ikaunda mamlaka inayojitegemea. Kimataifa kuna mkataba wa kuzuia ugaidi wa nyuklia ulioanza kutumika 2007, na kuna Kanuni za Maadili za IAEA za mwaka 2003 kuhusu usalama wa vyanzo vya mionzi. Hizo za IAEA ndizo zinazogusa kazi za kila siku, na ndizo zisizobana: nchi huandika barua kusema itazifuata, basi. Kwa hiyo nguvu yake inategemea idadi ya wakaguzi ambao kila nchi inawaajiri, magari waliyonayo, na kama mafuta ya magari hayo yamo kwenye bajeti.

Najua kuna upande wa pili wa mizani, na sitaki kuupitia juu juu. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Ilikuwa imefanya kazi tangu 1995. Uganda nzima ikabaki bila tiba ya mionzi ya umma, wagonjwa mamia wakaambiwa waende Nairobi, na mashine mpya ilipatikana baada ya mwaka na zaidi. Wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi walikufa wakisubiri. Ukiniambia udhibiti maana yake ni kuchelewesha kobalti kufika hospitalini, nitakujibu kwamba udhibiti wa namna hiyo unaua watu wengi zaidi ya gaidi yeyote tuliyewahi kumsikia. Mionzi imetufaa pia nje ya hospitali. Unguja leo haina mbung'o kwa sababu kati ya 1994 na 1997 madume ya wadudu hao yalizalishwa Tanga kwa mamilioni, yakaondolewa uzazi kwa mionzi, na kumwagwa kisiwani kwa ndege mpaka kizazi kikakatika. Ng'ombe wa Zanzibar wanalisha bila nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa ajili hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza uhakiki wa leseni na si marufuku. Kupiga simu kwa mtoa leseni hakucheleweshi matibabu hata kwa siku moja, kama kuna mtu wa kuipokea. Kumtembelea mwombaji hakuizuii hospitali ya kweli, kwa kuwa hospitali ya kweli ina jengo, ina wagonjwa, ina daktari wa mionzi wa kuzungumza naye. Kunazuia kampuni isiyo na mlango. Maryland walisema miezi saba. Sisi tunaweza kufanya kwa wiki tatu, kwa sababu waombaji wetu si maelfu.

La marejesho ya mashine zilizochakaa ndilo gumu, kwa kuwa linahitaji pesa. Mashine inaponunuliwa, au inapoletwa kama msaada, mkataba uandikwe siku hiyo hiyo nani ataichukua ikichoka na nani atalipa, na fedha hizo ziwekwe kando tangu mwanzo. Nchi wahisani hupenda kukata utepe; tuwaombe watie saini na ukurasa wa mwisho. Tanzania inajua uzito wa kuahirisha jambo hili. Mwaka 2009 ilibidi chumba maalumu cha kuhamishika, kilichobuniwa Afrika Kusini, kiletwe nchini ili vyanzo vya zamani vyenye nguvu vifunguliwe na kufungashwa salama. Kazi ilifanyika vizuri. Lakini ni kazi ya kusafirisha makontena ya vifaa na mchanga wa kujengea kuta nene za kinga, jambo ambalo sentensi mbili katika mkataba wa miaka ya nyuma zingeliepusha.

Halafu kuna mipaka yetu wenyewe. Mkandarasi mwenye kipimo cha udongo anamaliza barabara Arusha, anapata zabuni Kajiado, anapakia kifaa chake na kuvuka Namanga. Arusha kilisajiliwa, Kajiado kinapaswa kusajiliwa upya. Katikati yake kuna afisa wa forodha anayeonyeshwa nakala kivuli ya leseni iliyotolewa na nchi ambayo si yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kufanya magari ya mizigo yakaguliwe mara moja kwenye kituo kimoja cha mpakani. Basi na daftari la leseni za mionzi la nchi wanachama liwe moja, lifunguke kwenye kompyuta ya afisa huyo wa Namanga, na liwe na namba ya mkaguzi wa zamu atakayepokea simu hata saa nne usiku ya Jumamosi.